Maikromita inasoma 24.995, ringi ya mteja inakataa kupita. Nani yuko sahihi?

#1 fundi_kerezo
Wakuu salaam. Naenda moja kwa moja.

Tulipata oda ya pini za chuma, kipenyo 25 h6, urefu milimita 120. Zinaingia kwenye mashine ya kufungashia ya kiwanda kimoja hapa Dar. Tumezikereza wenyewe tukaacha nyama kidogo, halafu tukazipeleka kwa jamaa wenye grainda isiyo na senta (mashine ya kusaga isiyoshika pini kwenye ncha zake) wakazimalizia. h6 kwa kipenyo cha 25 maana yake uwe kati ya 24.987 na 25.000. Kila pini nimeipima mwanzo, katikati na mwisho, na kila sehemu nimegeuza nyuzi 90 nikapima tena. Zote zinasoma 24.994 hadi 24.996. Maikromita imehakikiwa juzi tu, na kwenye kipande cha kulinganishia cha 25 inakaa palepale.

Mzigo umefika kwa mteja, mkaguzi wake katoa ringi ya go, yaani geji ya tundu la 25.000 ambamo pini nzima inatakiwa ipite. Pini nyingi haziingii. Nyingine zinaingia kwa kusukuma kisha zinang'ang'ania. Karudisha mzigo wote. Nimempimia mbele ya macho yake, tena kwa maikromita yake mwenyewe, ikasoma 24.995. Jibu lake: ringi ndiyo inayoamua. Mimi nasema namba ziko ndani ya mchoro, anipe hela yangu.

Nani yuko sahihi? Na hiki kitu kinawezekanaje?

#2 Spana_17
Pole mkuu. Kabla hatujafika mbali, umeangalia ukingo? Ukibaki ulimi mwembamba wa chuma pale mwisho wa pini, maikromita unaishika ndani kidogo inasoma safi, ringi inagota mlangoni. Kesi nyingi za "haiingii" nilizoona ni hiyo tu.

#3 fundi_kerezo
@Spana_17 kona zimekatwa 1 kwa nyuzi 45 na nimepitisha jiwe la mafuta pini zote. Halafu zile zinazong'ang'ania zinakwama katikati ya safari, siyo mlangoni.

#4 MzeeWaKipimo
Kijana, umesema "grainda isiyo na senta", hapo nimekuelewa. Pini zako si duara. Zina vikona vitatu au vitano ambavyo jicho haliwezi kuviona, na maikromita haivioni hata uigeuze nyuzi 90, 45 au ngapi. Maikromita ina nyuso mbili zinazotazamana, kwa hiyo inapima upana. Yapo maumbo yenye upana uleule kila upande na bado si duara.

#5 Spana_17
Shikamoo mzee. Hapo kwenye upana uleule bila kuwa duara umetuacha wengi stendi.

#6 MzeeWaKipimo
Marahaba. Mwenye ndugu Uingereza amwombe sarafu ya peni 50. Ina pande saba zilizobenuka. Ishike kwa vania upande wowote, kipimo hakibadiliki, na hiyo ndiyo sababu mashine za kupokea sarafu zinaipokea vizuri. Sasa chonga tundu la duara lenye kipenyo sawasawa na upana wake, ujaribu kuipitisha. Haipiti.

Kwenye pini hesabu yake ni nyepesi. Maikromita inasoma 24.995. Tuseme tofauti kati ya kilima na bonde ukipima kutoka katikati ya pini ni 0.008, na vilima ni vitatu. Kila kilima kinatazamana na bonde upande wa pili, ndiyo maana maikromita haioni kitu. Lakini tundu dogo kabisa linaloweza kuipokea pini hiyo ni 24.995 kujumlisha 0.008, yaani 25.003. Ringi ya 25.000 itaikataa, na ina haki.

Kwa nini grainda ile? Pini haishikwi na senta, imelala kati ya jiwe la kusaga, jiwe la kuongoza na kisu cha kuegemea. Katikati ya pini ikiwekwa kimo kimoja na katikati ya mawe, kila kilima kinachogusa jiwe la kuongoza kinasukuma bonde upande wa pili, na kosa linajizaa lenyewe. Fundi mzoefu anaipandisha pini juu kidogo ya mstari wa mawe ili ijiviringe vizuri. Akiipandisha mno nayo inaanza kutetemeka. Nenda kamuulize jamaa yako kisu kilikuwa kimo gani.

#7 toolroom_nrb
Salamu kutoka Nairobi. Naunga mkono mzee, na hii unaweza kuihakikisha leo bila mashine ya bei kubwa. Weka pini kwenye bloku ya V ya nyuzi 90 (kitako chenye mfereji wa umbo la V), dayo geji (saa ya kupimia yenye sindano) juu yake, zungusha polepole. Kama ni vilima vitatu, sindano itapanda na kushuka mara tatu kwa mzunguko mmoja, na mchezo wake utakuwa mara mbili ya kosa lenyewe. Vilima vitano pia mara mbili.

#8 chaki_nne
Tumia V ya nyuzi 60 ndugu, ndiyo inayokamata kila kitu. Inakuza mara tatu.

#9 toolroom_nrb
@chaki_nne hapana boss. V ya 60 inakuza mara tatu kwa vilima vitatu, hapo sawa. Ila kwa vilima vitano au saba inasoma sifuri, piga hesabu mwenyewe. Pini mbovu kabisa ya vilima vitano itazunguka kwenye V ya 60 na sindano isitikisike. V ya 90 nayo ni kipofu kwa vilima saba. Ndiyo sababu maikromita za V zinazopima vyuma vya kukatia kama rima na endmili za meno matatu zina nyuzi 60, na za meno matano zina nyuzi 108. Hakuna V moja ya kila kitu. Kwa vile hujui idadi ya vilima, anza na 90, uhesabu sindano inapanda mara ngapi.

#10 binti_mikroni
Habari zenu. Nafanya kazi maabara ya vipimo. Sipingi hoja ya vilima, ila mmeruka swali la kwanza: pini na ringi vilikuwa na joto gani?

Vipimo vyote vya mchoro vinahesabiwa kwenye nyuzijoto 20, hiyo ni ISO 1. Chuma kinatanuka kama mikroni 11.5 (mikroni ni 0.001 ya milimita) kwa kila mita kwa kila nyuzijoto moja. Pini ikitoka kwenye gari lililosimama juani ikiwa na 34, ringi ikiwa imelala ofisini kwenye kiyoyozi cha 23, tofauti ni 11. Zidisha: kipenyo cha 25 kinaongezeka karibu mikroni 3 kuliko ringi. Uwanja mzima wa h6 hapo ni mikroni 13, kwa hiyo joto peke yake limekula karibu robo. 24.996 yako inafika karibu 24.999 mbele ya ringi baridi. Ukiishika pini kiganjani unaongeza tena.

@fundi_kerezo ilikuwaje siku hiyo?

#11 fundi_kerezo
@binti_mikroni ringi ilitoka kabatini ofisini kwao, kiyoyozi kinawaka. Pini zilitoka moja kwa moja kwenye gari. Hatukusubiri. Lakini dada, maikromita yake nayo ilikuwa mle ofisini, mbona ilisoma 24.995?

#12 binti_mikroni
Uliishika mkononi ukipima au ilikuwa kwenye stendi? Fremu ya maikromita ikishikwa kiganjani muda mrefu nayo inatanuka, ikitanuka inasoma pungufu. Joto la pini linapandisha namba, joto la mkono linaishusha. Kwenye mikroni 2 au 3 usiiamini namba yoyote iliyopimwa namna hiyo, yako wala yake. Sahani bapa ya graniti, pini, ringi na maikromita vilale pamoja usiku kucha, mpime asubuhi.

#13 bandari_mbsa
Dada kasema kweli kabisa. Sisi huku Mombasa tulihangaika na nyumba za pampu za alumini, tundu la 200. Mchana kwenye nyuzi 32 alumini imetanuka mikroni 55, geji ya chuma 27 au 28. Tundu lilionekana kubwa kwa mikroni 27 kuliko lilivyo. Vyombo vyote vilikuwa na joto lilelile! Watu wanadhani joto likilingana basi yameisha. Yameisha kama ni chuma kwa chuma.

#14 Spana_17
Kwa hiyo jua la Dar ndilo lirudishe hela ya jamaa 😂

#15 nut_bolt_muscat
Assalaam alaykum kutoka Muscat. Mimi nimezoea michoro ya Wamarekani kwenye vali za mafuta, na kwa sheria ile mkaguzi yuko sahihi bila mjadala. ASME Y14.5 kanuni ya kwanza: kipimo kikifika kikomo chenye nyama nyingi, umbo liwe kamilifu. Maana yake pini yako yote, kutoka ncha hadi ncha, iingie ndani ya silinda kamili ya 25.000. Vilima, kupinda, vyote vinahesabiwa humo. Kwa hiyo maikromita ni nusu ya ukaguzi, nusu nyingine ni ringi. Hata haihitaji kuandikwa kwenye mchoro, ipo tayari.

#16 toolroom_nrb
@nut_bolt_muscat hiyo ni kwa mchoro wa ASME. Kwa mchoro wa ISO mambo yamegeuka. ISO 8015 inasema kila sharti linasimama peke yake: kipenyo ni kipenyo, umduara ni umduara, unyoofu ni unyoofu. Na ISO 14405 inasema kipenyo bila alama nyingine ni kile cha nukta mbili, yaani hichohicho cha maikromita. Ukitaka pini iingie kwenye silinda kamili unaandika E ndani ya duara mbele ya 25 h6. Hakuna E, hakuna haki ya kukataa kwa ringi. Jamaa alipwe.

#17 MzeeWaKipimo
Na pini isipoingia kwenye mashine je? Alipwe pia? Tundu la mwenzake bila shaka ni H7, kuanzia 25.000. Mchoraji aliandika h6 akitaka iteleze. William Taylor wa Leicester aliweka jambo hili wazi kwenye hataza yake ya 1905: upande wa go uwe na umbo zima la kipande kinachoingiliana nacho, upande wa nogo (usiotakiwa kupita) upime nukta mbili tu, sehemu moja moja. Ringi kwa go, geji ya mdomo kwa nogo. Zaidi ya miaka mia watu wanakagua hivyo na mashine zinafungika.

#18 toolroom_nrb
Mzee heshima yako, lakini Taylor alikuwa anaeleza namna ya kutengeneza geji. Mkataba wa fundi na mteja ni mchoro. Mchoraji alitaka iteleze? Angeandika E, ni herufi moja.

#19 MzeeWaKipimo
Akiisahau hiyo herufi moja unamuuzia pini isiyoingia?

#20 toolroom_nrb
Namuuliza kabla sijakereza. Baada ya kukereza, nadai.

#21 binti_mikroni
Wote wawili mnabishana bila kuuona mchoro. @fundi_kerezo kwenye kisanduku cha jina kona ya chini kulia kumeandikwa nini? Tafuta jina la kiwango: ISO 8015, ISO 2768, DIN ya Ujerumani, ASME ya Marekani, GB/T ya China, chochote.

#22 fundi_kerezo
Nimeuangalia sasa hivi. Ni fotokopi ya fotokopi. Kuna "ISO 2768 - mK" halafu ukingo wa karatasi umekatwa. Kwenye kipimo chenyewe ni 25 h6 tupu, hakuna E. Maelezo mengine ni ya Kijerumani. Mwaka sioni vizuri, ni 199 na kitu.

#23 toolroom_nrb
Ndiyo hiyo. mK, hakuna E. Kwa ISO 2768-2 daraja la K, umduara usioandikwa uliruhusiwa kuwa sawa na toleransi ya kipenyo, yaani nafasi yote kati ya vikomo viwili. Hapa ni 0.013. Vilima vyako vikiwa 0.005 au 0.008 uko ndani kabisa. Kesi imekwisha.

#24 mchoraji_wa_zamani
Haijaisha bado. Nimefanya kazi na michoro ya Kijerumani miaka mingi, na hapa kuna mitego miwili.

Wa kwanza: ISO 2768-2, kabla haijafutwa 2021, iliruhusu kuandika "ISO 2768-mK-E". Hiyo E ya mwisho iliweka sharti la silinda kamili kwenye vipimo vyote vya namna hiyo katika mchoro mzima, bila kuirudia kwenye kila kipenyo. Karatasi yako imekatwa baada ya mK. Hujui kama kulikuwa na E.

Wa pili ni mkubwa zaidi. Ujerumani walikuwa na DIN 7167 ya 1987. Ilisema hivi: kama mchoro hautaji ISO 8015, sharti la silinda kamili linatumika lenyewe bila kuandikwa. Ilifutwa 2011 ISO 8015 mpya ilipotoka. Mchoro wa miaka ya 1990 wenye ISO 2768-mK peke yake, uliochorwa chini ya DIN, una E isiyoonekana. Kwa Mjerumani wa enzi hizo h6 tupu ilimaanisha ringi.

@toolroom_nrb unachosema ni sahihi kwa mchoro wa leo. Huu si wa leo.

#25 toolroom_nrb
@mchoraji_wa_zamani hiyo DIN 7167 naikubali kama mchoro ni wa Kijerumani kweli na ni wa kabla ya 2011. Ila mteja katoa oda mwaka huu, kwa karatasi isiyotaja DIN 7167. Fundi wa Dar atajuaje sheria iliyokufa Ujerumani? Na aliyempa karatasi iliyokatwa ni nani?

#26 chaki_nne
Hapo kwenye karatasi iliyokatwa nakubaliana na Mkenya kwa mara ya kwanza.

#27 Spana_17
Andikeni tarehe.

#28 jiwe_la_mafuta
Naomba niulize la kwangu humu humu, linafanana. Nina flanji yenye matundu manane, kipenyo 14.0 hadi 14.2. Kuna kisanduku chenye alama ya nafasi, ⌀0.3 na M ndani ya duara, halafu A (uso wa kukalia), halafu B (tundu la katikati) na M nyingine. Mimi nimezoea jumlisha-toa 0.1 kila upande. Hii naipimaje bila CMM (mashine ya kupimia nafasi kwa kompyuta)?

#29 nut_bolt_muscat
@jiwe_la_mafuta hii ndiyo kazi yetu ya kila siku. Tengeneza geji: bamba lenye kitako cha A, katikati nguzo ya B, na pini nane kwenye nafasi kamili. Kipenyo cha kila pini ni tundu dogo kabisa kutoa toleransi: 14.0 kutoa 0.3, ni 13.7. Flanji ikikaa juu ya bamba bila mwanga kupita chini yake, nafasi ya matundu ni salama. Matundu yenyewe unayapima pembeni kwa geji ya plagi, 14.0 iingie, 14.2 isiingie.

Ile M inakupa nafasi ya ziada. Tundu likiwa 14.0 unaruhusiwa 0.3. Likiwa 14.2 unaruhusiwa 0.5. Na M ya B inakuongezea tena kwenye kila tundu.

#30 mchoraji_wa_zamani
Hiyo sentensi ya mwisho irekebishwe, imeshatupisha vipande watu wengi. M ya tundu inaongeza uwanja wa tundu lile peke yake. M ya B haiongezi uwanja wa tundu lolote. Inaruhusu kundi zima la matundu manane lisogee pamoja kadiri B ilivyo na ulegevu kwenye nguzo yake. Tundu moja likiwa limekimbia peke yake, ulegevu wa B hauwezi kuliokoa bila kuyaharibu mengine saba. Kwenye geji utaliona hilo lenyewe: unaitikisa flanji yote, huwezi kulitikisa tundu moja.

#31 nut_bolt_muscat
Ndiyo maana napenda geji kuliko hesabu, inajibu bila kukuuliza.

#32 binti_mikroni
@jiwe_la_mafuta kuhusu jumlisha-toa 0.1: hiyo inakuchorea uwanja wa mraba wenye upande wa 0.2. Kwenye kona unaruhusiwa kukimbia 0.14 kutoka katikati, pembeni 0.1 tu, ingawa bolti haina habari ya kona. Ukiuzungushia mraba huo duara la 0.28, kila tundu lililopita kwa mraba linapita bado, na eneo linaongezeka asilimia 57. Stanley Parker wa kiwanda cha topido cha Alexandria kule Uskoti ndiye aliyelionyesha hili miaka ya 1930 na 1940, vipande vilivyotupwa na ukaguzi vikawa vinafunga vizuri tu. Kwa hiyo hicho kisanduku kimekuja kukupunguzia kazi, usikiogope.

#33 jiwe_la_mafuta
Nimeelewa kuliko darasani. Asanteni. Hilo bamba natengeneza kwa chuma gani?

#34 bandari_mbsa
Chochote kinachoshika ugumu, ila pini ziwe ngumu na za kusagwa. Na kama flanji ni alumini rudi ukasome #13.

#35 fundi_kerezo
Wakuu narudi kwenye pini. Nimefanya walivyosema @toolroom_nrb na @binti_mikroni. Pini, V ya nyuzi 90 na dayo ya mikroni vimelala pamoja kwenye graniti usiku kucha. Asubuhi nimezungusha.

Pini nyingi zilizokataliwa: sindano inacheza 0.010 hadi 0.012, inapanda mara tatu kwa mzunguko, wazi kabisa. Zile zilizoingia vizuri: 0.004 hivi. Maikromita kwenye zote bado 24.995.

Lakini kuna moja inacheza 0.010 nayo kwa mteja iliingia bila shida. Niliitia alama kwa maka, siyo kwamba nimechanganya.

#36 MzeeWaKipimo
Vilima vitatu. Gawa kwa mbili: 0.005 hadi 0.006. Jumlisha na 24.995: 25.000 hadi 25.001. Imegota mlangoni palepale. Sikusema?

#37 binti_mikroni
Mzee, 25.000 kwa ringi ya 25.000 ni sare, si kukataliwa. Mikroni moja haitoshi kueleza pini "nyingi". Ongeza mikroni 3 za joto la gari, hapo inakataa kweli. Vilima peke yake havifiki, joto peke yake halifiki. Na ile pini yenye alama inawezekana iliingia kwa sababu ilikuwa imeshapoa mezani wakati mnabishana.

#38 mchoraji_wa_zamani
Mmesahau ringi yenyewe. Geji ya go ikiwa mpya haitengenezwi 25.000 kamili. Inawekwa ndani ya kikomo kwa mikroni chache makusudi, ili iwe na nafasi ya kulika kabla haijaanza kupitisha vibovu. Ringi mpya ya h6 inaweza kuwa 24.998 na ikawa halali kabisa kwa cheti chake. Basi pini yako ya 25.000 imekwama, joto au bila joto. Kwa hiyo pini iliyo ndani ya mchoro kwa nywele inaweza kukataliwa na geji halali. Iombwe namba halisi ya ringi kutoka kwenye cheti cha uhakiki.

#39 toolroom_nrb
Na hapo ndipo ISO 14253-1 inaingia. Kama hamkukubaliana vingine, anayetaka kukataa kipande ndiye anayebeba shaka ya kipimo chake. Ili mkaguzi akatae lazima athibitishe pini imepita kikomo hata baada ya kuondoa shaka ya ringi yake na joto lake. Kwa 25.001 ya mezani hathibitishi kitu.

#40 MzeeWaKipimo
Na fundi akitaka kusema ni nzima, naye abebe shaka yake. Sheria ileile, usiisome nusu.

#41 toolroom_nrb
Ndiyo, ile ile mzee. Ila hapa anayesema imepita kikomo ni mkaguzi, na mzigo karudisha yeye.

#42 chaki_nne
Bado hakuna aliyetaja kupinda. Pini ya 120, mikroni 5 za kupinda ni kitu cha kawaida baada ya kusagwa. Zinakwama katikati ya safari, alisema mwenyewe #3.

#43 mchoraji_wa_zamani
@chaki_nne ringi ya 25 unene wake ni sehemu ndogo ya urefu wa pini. Inapita juu ya upinde bila kuujua. Ili ringi ione upinde wa 120 inabidi yenyewe iwe na urefu wa 120. Ndiyo kasoro ya ringi fupi: hata mkaguzi akishinda hoja ya E, ringi yake haijakagua E yote. Kukwama katikati ya safari kwa ringi fupi kunaonyesha kipenyo au vilima vinabadilika njiani.

#44 chaki_nne
Kwa hiyo azungushe dayo sehemu tatu, asiishie katikati.

#45 fundi_kerezo
Nilizungusha katikati tu. Kesho nafanya ncha zote mbili.

Jamaa wa grainda nimempigia. Anasema kisu kilikuwa "kimo cha siku zote" na hataki kueleza zaidi. Mteja nimemwomba nakala safi ya mchoro pamoja na cheti cha ringi. Cheti kaahidi. Mchoro anasema wenye mashine waliwapa hiyohiyo fotokopi.

#46 Spana_17
Fotokopi ya babu wa fotokopi.

#47 MzeeWaKipimo
Wakati unasubiri, okoa mzigo. Chukua pini moja mbovu, isage mikroni 4 au 5 tena kwa grainda yenye senta. Una nafasi: kutoka 24.995 hadi 24.987 kuna mikroni 8. Tengeneza senta kwenye ncha kama mchoro hauzikatazi. Vilima vitapungua na kipenyo kitashuka. Ikiingia kwenye ringi, fanya zote, mlipane, mabishano ya E yaendelee humu.

#48 toolroom_nrb
Usisage kabla mteja hajaandika kwamba anakubali kulipia kusaga. Ukisaga kimyakimya umekiri zilikuwa mbovu.

#49 binti_mikroni
Na usisage kabla sijaona vipimo vya ncha. Ukisaga ushahidi umeondoka na hutajua kama jamaa wa grainda atakuletea hivyohivyo oda ijayo.

#50 jiwe_la_mafuta
Samahani, kabla hamjafunga. Mchoro wa flanji yangu mtazamo wa kulia umechorwa kulia, siyo kushoto kama tulivyofundishwa. Hii flanji ni ya Kijapani. Matundu ya upande nitoboe wapi?

#51 nut_bolt_muscat
@jiwe_la_mafuta usitoboe kitu! Angalia alama ya koni iliyokatwa kwenye kisanduku cha jina. Duara likiwa kushoto na ubavu wa koni kulia, ni mtindo wa tatu, Wajapani na Wamarekani. Unachokiona kulia ndicho kilichopo kulia. Weka picha ya mchoro mzima, na kona zake zote nne tafadhali.